Usukani ukitetemeka usikimbilie shokapu

Gari langu lilikuwa linatetemesha usukani nikifika kama 90 pale Entebbe Expressway, nikishuka hadi 60 linatulia kabisa. Hapa Kampala ukisimulia hivyo kila mtu anakwambia badilisha shokapu, sijui kwa nini kila ugonjwa wa gari dawa yake ni shokapu!

Cha kwanza angalia linatetemeka wakati gani. Kama ni ukikanyaga breki tu, shuku diski za mbele. Ukikanyaga mafuta ndio linazidi, shuku sivi jointi (viungio vya ekseli zinazozungusha tairi). Langu lilikuwa linafuata spidi tu, breki hata usiguse, na mtetemo uko mikononi sio kwenye kiti (kwenye kiti mara nyingi ni tairi za nyuma), kwa hiyo nikajua ni tairi za mbele.

Nilikuwa nimetoka Kabale kwenye mvua, rimu kwa ndani zimejaa matope makavu, na tope hilo peke yake linaweza kuharibu balansi (mlingano wa uzito wa tairi), nikaosha, ikapungua kidogo tu. Kwenye mashine ya balansi ndio tukaona rimu ya kulia inayumba, imepinda kwa mashimo ya barabarani. Fundi anataka kubandika risasi tu (vile vyuma vidogo vya kusawazisha uzito), nikamwambia hapana ssebo (bwana), risasi hainyooshi rimu. Nikapata nyingine yuzdi pale Kisekka, soko la spea hapa Kampala, tukabalansi, sasa hata 100 umetulia.

Imebaki taroadi ya kushoto (fimbo inayounganisha usukani na tairi) imelegea, hiyo naibadilisha kwanza ndio nifanye alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa tairi), la sivyo nitailipia mara mbili.