Ukuta wa Ukoga Nyumbani Kigoma

Ukoga wa kijani ninaouzungumzia hapa si ule utando unaoteleza ndani ya tangi la maji, bali ni mimea midogo kabisa, yenye vishina na vijani vyake, inayojitandaza kama zulia juu ya mawe, matofali na magome ya miembe upande usiopigwa na jua la mchana. Hapa Kigoma huonekana zaidi tangu mvua za Novemba zinapokolea hadi Aprili, na katika nyumba nyingi husuguliwa kwa brashi kabla haujapata unene wa ukucha. Mimi nimeuachia ukuta mzima wa nyuma, pamoja na sahani kadhaa za udongo barazani, na kuutazama ndiyo shughuli yangu ya kwanza kila asubuhi.

Mmea huu hauna mizizi ya kunyonya maji ardhini. Vinyuzi vilivyo chini yake kazi yake kubwa ni kujishikiza, na maji huingia moja kwa moja kupitia vijani, ambavyo katika aina nyingi vina unene wa seli moja tu. Hewa ikiwa na unyevu, nao huwa na unyevu. Hewa ikikauka, nao hukauka, lakini, tofauti na mchicha au mahindi, kukauka kwake si kufa. Aina nyingi husimamisha karibu shughuli zote za uhai, zikajikunja na kugeuka rangi ya kahawia, na zikipata maji hukunjua vijani ndani ya dakika chache, nawe umekaa papo hapo unashuhudia. Hakuna mmea mwingine uani kwangu unaonifurahisha kiasi hicho.

Ndiyo maana sikubaliani na shauri la kuumwagilia mwaka mzima ili usipoteze kijani chake. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zinapokatika na vumbi likatanda kila mahali, mimi huuacha ulale. Kila unapoamka hutumia nguvu kurekebisha seli zake, na ukikaushwa upesi kabla haujajitengenezea chakula cha kutosha, hudhoofika. Kwa hiyo kuunyunyizia matone machache adhuhuri ya kiangazi ni kuutesa. Katika bustani ya hekalu la Saihō-ji, huko Kyoto, Japani, yenye aina zipatazo 120 za ukoga, watu hawakuupanda tangu mwanzo: ulitandaa wenyewe karne nyingi baada ya bustani kujengwa. Sisi tunaotaka matokeo ndani ya wiki mbili tunapaswa kulifikiria sana jambo hilo.

Anayetaka kuanza asiende kubandua msituni. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, mimea yake haichukuliwi, na isitoshe ukoga wa ukutani kwako umekwisha kuzoea mwanga na hewa ya hapo. Bandua kipande cha ukubwa wa kiganja kwa kisu butu, ukilaze juu ya udongo ulioshindiliwa, usiotiwa mbolea, kisha ukikandamize mpaka kigusane na udongo pande zote. Kiweke kivulini, lakini si gizani. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati, baada ya mvua za mwanzo kuosha vumbi, ndiyo bora, kwa kuwa maji yenye chumvichumvi huacha utando mweupe juu ya vijani. Wapo wanaousaga pamoja na mtindi na kupaka ukutani. Mtindi huo hukaribisha kuvu kabla ukoga haujashika.

Ukishakomaa, utaona vijiti vyembamba vikichomoza, kila kimoja kikiwa na kidonge kichwani. Ukoga hauna maua wala mbegu, na humo ndimo zilimo spora zake, yaani chembe za kuzaliana, laini mno kiasi cha kubebwa na upepo. Usivipunguze kwa mkasi ili uso wa ukoga uonekane sawasawa, kama ninavyoona wengine wakifanya. Uviache vikauke na kufunguka vyenyewe.