Siku moja maishani mwangu: usukani wa Benz ya mwalimu, gerejini Soweto, Mbeya

Saa 12 na nusu asubuhi

Mwezi wa saba hapa Mbeya maji ya bombani yanauma vidole. Nanawa uso haraka haraka, navaa koti juu ya ovaroli, napitia stendi kuu kuchukua kifurushi kilichokuja na basi la usiku kutoka Dar. Ndani kuna kaplingi ya usukani, yaani kiungo cha mhimili wa juu na wa chini, bushi za aidla, yaani mipira ya mkono unaoshikilia fimbo za usukani, na chujio la pampu. Konda ananiuliza kama ni spea za bodaboda.

Saa 1 na nusu

Mwalimu ameshafika, kakaa kwenye benchi na kofia yake ya sufu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Umeamkaje?"

"Salama, baridi tu."

"Hii nayo baridi? Njoo Tukuyu."

Gari yake imelala hapa gerejini tangu jana. Ni Mercedes-Benz 200 ya 1983, ya ile familia ya W123 iliyozinduliwa mwaka 1976. Bodi bado imara na injini inaunguruma vizuri. Gari hizi kinachozichosha ni mipira na plastiki za chini. Jana jioni tuliizungusha mpaka Mafiat, akaniambia shida yake: "Usukani mwepesi kama natafuta stesheni ya redio. Nakata kona, gari inafikiria kwanza ndiyo inakwenda." Huko alikopita aliambiwa anunue boksi la usukani, lile linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye tairi, la mtumba, pamoja na pampu. Pensheni ya mwalimu haiwezi hiyo habari, na mimi sioni sababu yake.

Pampu ya pawa inazungushwa na mkanda wa injini, inasukuma oili kwenda kwenye boksi ili mkono wako upate msaada. Ikifa, usukani unakuwa mzito lakini gari bado inakata kona. Plei, yaani usukani kutembea kabla tairi haijaitika, ni habari nyingine kabisa. Inatoka mahali ambapo kitu kimelegea, na mahali hapo panatafutwa kwa mkono, bure.

Saa 2

Naanza na tairi, kwa kuwa zimepoa usiku kucha na upepo unapimwa tairi ikiwa ya baridi. Mbele kulia PSI 31, mbele kushoto 22. Hapo tu gari lazima ivute kushoto. Nasawazisha zote mbili kwenye 30. Wapo wanaonunua pampu kabla ya kununua geji ya upepo, na sijui tuwafanyeje.

Saa 3

Hii ndiyo kazi yenyewe ya leo, mengine ni kufungua na kufunga nati.

Gari iko chini, tairi zimenyooka, injini imezimwa. Nimebandika kipande cha plasta kwenye usukani na kuweka rula mbele yake. Dogo, kijana wangu wa kazi, anausogeza kwa vidole viwili, kushoto, kulia, polepole. Unatembea milimita 40 nzima kabla tairi haijatikisika.

Naingia chini. Dogo anaendelea kutikisa, mimi nashika maungio moja baada ya jingine. Kiganja kinaona kuliko macho: kiungo kizima kinakwenda chote pamoja, kilichokufa kinagonga kidogo kwenye ngozi. Tairodi endi, vile viungo vya mwisho wa fimbo zinazogeuza tairi, tatu ziko kimya. Ya nne, upande wa kushoto, inagonga. Aidla nayo mkono wake unapanda na kushuka, wakati ilitakiwa izunguke tu pale pale ilipo. Kila gari inapopiga shimo, tairi inajichagulia njia.

Halafu natazama pale mhimili wa usukani unapoingia kwenye boksi. Mhimili wa juu unazunguka, wa chini umetulia, unasubiri. Sekunde ile ya kusubiri ndiyo mwalimu aliyokuwa anaisema. Namwita aje aone mwenyewe. Anapiga goti kwenye boksi la karatasi, anatazama, anasema, "Kumbe!"

Dogo anapanda bodaboda kwenda Mwanjelwa kutafuta tairodi endi.

Saa 4

Noah ya abiria imekatika mkanda. Nafunga mwingine, nakunywa chai ya tangawizi nimesimama.

Saa 5

Kaplingi. Kabla ya kulegeza chochote napiga alama ya rangi kwenye mhimili wa juu na wa chini, usukani ukiwa umenyooka. Ukiruka jino moja tu la mhimili, mwalimu ataendesha usukani umekaa upande na atanipigia simu kutoka Kyela.

Boliti zake ni za aleni, zenye tundu la pembe sita kichwani, na zimejaa kutu. Nasafisha tundu kwa msumari na brashi ya waya, namwaga oili ya kulegeza, nagonga aleni kwa nyundo ndogo mpaka ikae chini kabisa, ndipo nazungusha. Tundu la boliti ya aleni likishaliwa, siku yako imeisha. Kaplingi ya zamani inatoka, na plastiki za ndani zinadondoka vipande vipande kwenye kiganja changu, ngumu, rangi ya ugoro.

Bushi za aidla nazitoa kwa kuzikamua kwenye vaisi. Mpya zinaingia, lakini nati siikazi mpaka gari ishuke chini na tairi zinyooke. Mpira ukikazwa umejipinda utauvuta usukani upande mmoja siku zote.

Saa 7

Wali maharage na parachichi. Parachichi kaleta mwalimu, la Rungwe, kubwa, linatutosha watatu.

Saa 8

Oili. Juu ya kopo la pampu kuna nati ya masikio, naifungua kwa vidole. Chini yake kuna springi, na chini ya springi chujio la karatasi ambalo sidhani kama limewahi kuguswa. Oili imekuwa ya kahawia nzito na inanuka kuungua. Naivuta kwa bomba kubwa la sindano, nafungua mpira wa kurudishia na kuuelekeza kwenye kopo, dogo anazungusha usukani injini ikiwa imezimwa, iliyobaki inajimwaga.

Chujio jipya, ATF mpya nyekundu, yaani oili ya gia za otomatiki. Mbele tumepiga jeki tairi zining'inie. Usukani unapelekwa mwisho kushoto, mwisho kulia, taratibu, naongeza oili inaposhuka. Mapovu yakipungua ndipo tunawasha. Dogo nimemkataza kuushikilia pale mwisho: pampu inasukuma kwa nguvu yake yote na oili inachemka bure. Mkanda wa pampu nao ulikuwa legevu, nimeukaza.

Saa 9 na nusu

Tairodi endi mpya imeshafungwa, kwa hiyo lazima tairi zipangwe upya. Napaka chaki kwenye mpira, dogo anazungusha tairi, mimi nashikilia msumari uchore mstari. Gari inashuka, tunaisukuma mbele na nyuma itulie, tunapima kwa futi mbele ya tairi na nyuma yake. Zilikuwa zimefunguka mbele. Nazirudisha mpaka mbele pawe pafinyu kuliko nyuma kwa milimita 3.

Napima plei: milimita 15.

"Na ile skrubu ya juu ya boksi?" mwalimu anauliza. "Yule mwingine alisema ikazwe."

Sijaigusa na sitaigusa. Ndani ya boksi kuna skrubu kubwa inayotembea kwenye gololi, na limetengenezwa libane zaidi katikati, usukani ukiwa umenyooka. Ukilikaza tairi zikiwa zimekata, likirudi katikati linang'ang'ania. Ukizidisha, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na boksi linaanza kujila. Kwa milimita 15 kwenye gari ya umri huu, iache.

Saa 10 na nusu

Mwalimu anaendesha, mimi pembeni. Tunatokea barabara kuu, malori ya Tunduma yanatupita na upepo wao. Jana kila lori lilimfanya apige usukani huku na huku, leo mikono imetulia. Uyole tunakata kwenda Igawilo, kisha tunapanda kuelekea Isyonje, kona baada ya kona, magunia ya viazi kando. Kwenye kona moja namwambia alegeze vidole. Usukani unarudi wenyewe katikati.

"Ila bado mwepesi, fundi."

"Huo ndio wepesi wake wa kiwandani, mwalimu. Ulichokuwa unakisikia ni ulegevu."

Anacheka, anaongeza mwendo kidogo.

Saa 12 jioni

Hesabu yote, spea na ufundi, haijafika laki tatu. Imebaki dampa ya usukani, ile inayotuliza mtikisiko, imeanza kuvuja oili. Nimemwambia avute mwezi mmoja, nitaagiza Dar.

"Jumamosi nina harusi Kyela. Niende nayo?"

"Nenda nayo. Ukifika fungua ile nati ya masikio, tazama oili. Ikishuka nipigie, usiongeze ya breki."