Siku moja maishani mwangu: askari wa wanyamapori kwenye kitalu cha uwindaji, Pori la Akiba la Selous, Tanzania

Saa 11 alfajiri nakagua karatasi kwa tochi. Kila msafara wa uwindaji wa kitalii lazima uwe na askari wa wanyamapori, na kwa msafara huu ni mimi. Nalinganisha kibali na bunduki: namba, aina, risasi. Mgeni anatafuta mbogo, na kwa mbogo bunduki haitakiwi kuwa chini ya .375, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi.

Saa 12 tuko njiani, miyombo pande zote, mbung'o wanatoboa hadi kwenye soksi.

Saa 2 mzee wetu wa nyayo anagonga paa la gari. Anachutama, anavunja kinyesi kwa kijiti, ananiita. "Mwanangu, shika hapa." Ndani bado kina joto na umajimaji. Madume wawili, anasema, mmoja mzee. Kingo za kwato zake zimelika. Gari linabaki hapo. Kufyatua ukiwa garini ni kosa, hata kufyatua ukiwa umesimama ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari ni kosa, na kwangu hiyo ni kanuni ya haki kuliko zote. Kwa miguu, mnyama naye ana pua, ana masikio na ana pa kukimbilia.

Saa 4. Mzee anatikisa kifuko cha majivu kuona upepo unakoelekea. Tunawaona. Wa mbele ana pembe pana kweli, na mgeni anainua bunduki. Mwindaji bingwa, anayemwongoza, anamshika bega: "Bado, huyo bado." Nami naona kwa darubini: pale pembe zinapokutana juu ya paji kuna ngozi laini yenye manyoya. Huyo ana miaka ya kuzalisha mbele yake. Wa nyuma ni mfupi wa pembe, lakini paji lake ni gumu, limepasukapasuka kama gome. Ndiye huyo.

Hapa ndipo kazi yangu yote ilipo. Upana wa pembe ni fahari ya ukutani. Umri ndio unaoamua kama pori litabaki na mbogo. Kwa simba ni zaidi: ukimtoa dume anayelinda familia, madume wageni wakiingia huua watoto wake. Ndiyo maana kanuni zinataka simba wa miaka 6 na kuendelea.

Mlio. Mbogo anatoweka kichakani. Tunangoja, hakuna anayeongea. Kwenye jani kuna damu nyekundu yenye povu, yaani pafu limepigwa, lakini mbogo aliyejeruhiwa huzunguka akarudi kukungoja ubavuni mwa nyayo zake, kwa hiyo tunakwenda hatua kwa hatua. Tunamkuta amelala, amekwisha kufa. Angetupotea, mgeni angemlipia vilevile, nami ningemwandika kama aliyeuawa.

Saa 7 wachunaji wanaanza. Ngozi inapakwa chumvi, nyama inakwenda kambini. Naandika jinsia, mahali, bunduki iliyotumika.

Saa 10, tukirudi kando ya mto, tunakuta mitego ya nyaya imefungwa kwenye njia ya wanyama. Tunaing'oa yote. Waya haujui jike wala mtoto. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, uwindaji ukakoma huko, na watalii wa picha wanakwenda. Vitalu kama hiki, vyenye mbung'o wengi na barabara chache, havina watalii wa picha. Msafara wa uwindaji usipopita, anayepita ni mtega waya. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na sitaacha kuyasema.

Saa 2 usiku natuma taarifa kwa redio. Kesho ni zamu ya chui. Jike haruhusiwi, kwa hiyo tutaanza na nyayo chini ya mti wenye chambo: za dume ni kubwa na pana zaidi. Zikiwa ndogo, tunahamia mti mwingine.