Aya Iliyosomwa Mara Mbili

Wiki tatu zilizopita, Jumatano jioni, binti yangu mwenye umri wa miaka 9 alisimama mbele yangu akanisomea insha aliyoiandika shuleni. Nilikuwa nimeketi na simu mkononi, nikisubiri jibu la barua pepe kuhusu hesabu za mwezi tulizokuwa tukizifunga kazini, na kila alipomaliza aya nilimwambia, "Vizuri sana, endelea." Alipofika mwisho alikunja karatasi yake, kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Baba, umejua kwamba aya ya pili nimeisoma mara mbili?" Sikuwa nimejua. Nilipomwomba msamaha alinijibu kuwa si neno, na jibu hilo liliniuma kuliko swali lenyewe, kwa kuwa lilitoka kinywani mwa mtoto aliyekwisha kuzoea.

Mimi ni mhasibu, na mhasibu akifadhaika hukimbilia daftari. Kwa siku 7 niliandika kila saa yangu ilikokwenda. Wiki ina saa 168. Usingizi ulichukua 49, kazi 45, na njia ya kwenda na kurudi 10, zikabaki 64. Nilishangaa kuziona zikiwa nyingi kiasi hicho, kwani kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba sina muda, nami nikiamini ninayoyasema. Ndipo nikazipitia upya zile saa 64, nikitafuta zile ambazo nilikuwa na mtu wa familia yangu, simu ikiwa mbali, na kichwani mwangu hamna jambo la ofisini. Hazikufika saa 4.

Nimefikiri sana kuhusu wale waliopigania siku ya kazi yenye mpaka. Robert Owen, mwenye viwanda kutoka Wales aliyewatetea wafanyakazi, alikuwa akidai saa 8 za kazi, saa 8 za shughuli za mtu binafsi na saa 8 za mapumziko tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma kwa ajili ya dai hilohilo, na baadhi yao wakapoteza maisha. Na mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, mkataba huo ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Mpaka waliouchora ulikuwa lango la kiwanda. Mtu alipotoka pale, mashine ilibaki ndani. Yangu mimi huitia mfukoni, nikaja nayo mpaka kando ya kitanda cha mtoto. Naona Ufaransa walilitambua jambo hili walipoweka sheria, iliyoanza kutumika Januari 2017, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutofuatwa na kazi baada ya saa za kazi. Hata hivyo, siwezi kumlaumu mwajiri wangu kwa kila kitu. Jioni ile ya insha hakuna aliyenipigia simu. Ni mimi niliyekuwa nikiifungua tena na tena.

Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu anapoacha kazi moja na kuingia nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki nyuma, hasa ikiwa ile ya kwanza hakuimaliza. Baadaye, yeye na mwenzake walionyesha kuwa kuandika kwa kifupi mtu alipofikia na atakapoanzia akirudi hupunguza mabaki hayo. Kwa hiyo sasa, dakika 10 kabla ya kuondoka ofisini, ninaandika: hesabu ipi haijalingana, nani hajanijibu, kesho nianze na nini. Siku za kwanza hazikuwa rahisi, maana mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Lakini nimeanza kufika nyumbani nikiwa nimefika kweli.

Mke wangu, nilipomwonyesha lile daftari, aliniuliza swali ambalo bado nalitafakari. Aliniuliza ni wapi nimeandika saa za kukumbuka. Naye ameajiriwa kama mimi, lakini tarehe za chanjo, viatu vilivyokwisha kuwabana watoto, siku ya kikao cha wazazi, vyote hivyo vimekaa kichwani mwake mchana kutwa anapofanya kazi yake. Sikuwa na safu ya mambo hayo kwa sababu sikuwahi kuyabeba. Tumegawana baadhi yake, na vikao vya wazazi sasa ni juu yangu.

Mama yangu naye nimempigia simu Jumamosi. Mara nyingi mazungumzo yetu yalikwisha kwa yeye kusema, "Mwanangu, nasikia una kazi, tutaongea siku nyingine," nami nilidhani ananihurumia, kumbe alikuwa akisikia vidole vyangu vikibonyeza kibodi. Safari hii tuliongea dakika 40, na alinieleza habari za goti lake zilizoanza miezi kadhaa iliyopita.

Kesho tunaanza tena kufunga hesabu. Nimemwandikia mkuu wangu kwamba Jumatano, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, sitapatikana, na kwamba kazi yangu ya siku hiyo nitaikamilisha kabla ya muda huo. Bado hajanijibu. Binti yangu anaandika insha nyingine, na ameniambia kuwa hii itakuwa na aya nane.