Daftari la dalili: ninavyopima riwaya ya upelelezi na ya kisayansi kabla ya kuipendekeza

Hapa Moshi tunasoma watu sita kwa nakala moja. Kitabu kinakaa kwa kila mtu siku kumi, na mimi ndiye ninayekisoma kwanza. Nikisifu kitabu kibovu, watu watano wanapoteza siku hamsini kwa neno langu. Kwa hiyo niliacha kusema "kinasisimua" na "kitamu mwanzo mwisho", nikaanza kuandika daftari.

Nianze na nakala yenyewe. Vitabu vyetu vingi ni vya mitumba, na gundi ya mgongoni huwa imekauka. Kabla ya kulipa naangalia kama kurasa zote zipo, hasa za mwisho, maana riwaya ya upelelezi iliyokatika kurasa nane za mwisho haifai hata kwa bure. Shida ni kwamba ukichungulia mwisho unaweza kuona jina la muuaji. Mimi hufunika maandishi kwa kiganja cha kushoto, nikapitisha kurasa kwa dole gumba la kulia huku nikisoma namba tu. Ukurasa uliochomoka naupaka gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, mstari mwembamba ukingoni, kisha kitabu kinalala usiku mzima chini ya kitu kizito. Ukizidisha gundi inavujia kwenye maandishi na kurasa mbili zinagandana. Wakati wa masika kila kitabu kinavaa jalada la nailoni kama daftari la shule, kwa sababu kinasafiri kwenye mikoba, daladala na bodaboda.

Sasa kusoma. Kwa riwaya ya upelelezi nachora safu nne: ukurasa, jambo lililotajwa, nani analijua, na ukurasa lilipojibiwa. Naandika vitu vidogo tu: mlango uliokutwa wazi, mtu aliyesema alikuwa safarini, mkono uliofungwa bandeji. Kurasa 300 hunipa mistari kati ya 30 na 40. Ikipita hapo, ujue unaandika kila kitu na hutaona kitu.

Nikifika theluthi mbili, yaani ukurasa wa 200 katika kitabu cha kurasa 300, nasimama. Siendi mbele mpaka nimeandika mambo matatu: namshuku nani, kwa sababu gani, na aliwezaje kufika mahali pale saa ile. Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza. Mtu akishamaliza kitabu, kumbukumbu humdanganya kwamba alijua tangu mwanzo, na mwandishi hukosa heshima aliyostahili. Ukiwa umeandika kwa kalamu ya wino, huwezi kujidanganya.

Baada ya kumaliza narudi kwenye safu ya nne. Kama dalili iliyofungua fumbo ilikuwa kwenye ukurasa wa 60 nami nikaipita, mwandishi amenishinda kwa haki, na namsifu. Kama ilitokea mara ya kwanza kwenye ukurasa wa 280, ndugu pacha aliyekuwa hajatajwa au barua iliyookotwa dakika ya mwisho, basi sikupewa nafasi ya kufikiri. Hilo nalisema wazi hata kama lugha ya kitabu ni nzuri.

Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar, ndiye kipimo changu kwa Kiswahili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, mwili wa Bwana Ali unakutwa mzimuni, na watu wako tayari kuamini kwamba wa kale wamemchukua wenyewe. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, hakubali. Anauliza juu ya watu walio hai, nani alikuwa na nini na nani. Laiti mzimu ungekuwa ndio uliofanya kazi ile, mwandishi angelazimika kutuambia mapema kwamba katika kisiwa chake mizimu huua na inaua vipi. Nilipoliona hilo ndipo nilipoelewa kwamba riwaya za upelelezi na bunilizi za kisayansi zinadaiwa deni lile lile: msomaji aambiwe sheria kabla haijatumika.

Basi kwa bunilizi za kisayansi na fantasia safu zinabadilika: sheria ya ulimwengu ule, ukurasa ilipotajwa, ukurasa ilipomgharimu mtu, na ukurasa ilipovunjwa. Safu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Uwezo wa ajabu usiomgharimu mtu chochote unaua taharuki, kwa sababu mhusika anaweza kujitoa popote.

Zoo City ya Lauren Beukes, ya 2010, ni zote mbili kwa pamoja, nami huitumia kumfundishia mgeni safu hizi. Iko Johannesburg. Sheria ya kwanza: mwenye hatia kubwa hujiwa na mnyama ambaye ataishi naye. Ya pili: wakitenganishwa, wote wawili huumia. Ya tatu: mnyama akifa, giza huja kumchukua mwenyewe. Ya nne: pamoja na mnyama huja kipaji. Zinzi December amepewa slothi, mnyama wa Amerika Kusini anayening'inia mitini na kwenda polepole, na kipaji chake ni kuona vitu vilivyopotea. Anaishi kwa kutafuta pete za watu, na anadaiwa fedha nyingi kiasi kwamba anaandika barua pepe za utapeli. Safu ya tatu ilijaa haraka: mnyama yule anabebwa mgongoni, analishwa, watu barabarani wanamwona na kujua mara moja kwamba huyu ana doa. Uzuri wa kitabu uko hapo. Udhaifu wake ni theluthi ya mwisho, ambako mambo yanakimbizana na majibu mengine yanakuja kabla sijamaliza kuuliza swali.

Rosewater ya Tade Thompson, iliyotoka 2016 na kushinda Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019, wengi wetu waliirudisha nusu wakisema inachanganya. Ni mbinu rejeshi tu. Habari kuu iko Nigeria mwaka 2066, kwenye mji uliozunguka kuba la viumbe wa nje, lakini sura zinaruka nyuma miaka kadhaa na kurudi. Dawa ni kipande cha karatasi kama alama ya kusomea: kila sura mpya unaandika mwaka wake na neno moja la kilichotokea. Baada ya sura sita picha inajipanga. Lakini siwezi kuficha kwamba msimulizi wake, Kaaro, anachosha anapowatazama wanawake, na kuna kurasa nilizozisoma kwa kukunja uso.

Daftari si la kila kitabu. My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite, ya 2018, imeshakutajia muuaji kwenye jalada. Safu za dalili hazina kazi pale. Swali ni dada mkubwa, Korede, muuguzi wa Lagos, atafunika mpaka lini. Nilichoandika ni ukurasa ambao kila mtu anapata kujua kitu kipya, hasa mgonjwa aliyepoteza fahamu ambaye Korede anamwaga siri zake kando ya kitanda chake. Sura ni fupi sana. Kitabu hicho kilimalizika kabla ya siku kumi kwa kila aliyekichukua.

Kwa riwaya za kijasusi za kukimbizana napima muda na umbali. Moshi hadi Arusha ni kilomita zipatazo 80. Mwandishi akimfikisha shujaa kwa dakika ishirini, gari limekwenda kilomita 240 kwa saa kwenye barabara yenye malori na matuta, nami naacha kumwamini hata kwenye risasi.

Maoni siyaandiki siku ninayomaliza. Nasubiri siku mbili, maana mwisho mtamu hufunika kurasa hamsini za uvivu katikati. Kisha nusu ukurasa: kitabu ni cha aina gani, kinalegea kuanzia ukurasa gani hadi gani, kama nilitendewa haki, na kinamfaa nani. Sitaji jambo lolote lililo nje ya theluthi ya kwanza.

Sehemu ya mwisho niliongezewa na fundi cherehani wa kundi letu. Kila nikimpa kitabu huuliza, "Dada, mtoto anaumia humo?" Ana mtoto mchanga na husoma usiku akimnyonyesha. Sasa mstari huo nauandika kwa kila kitabu, chini kabisa, pamoja na namba za kurasa anazoweza kuruka bila kupoteza dalili.