Nilivyozipata picha za Amitabh alizokuwa ananisimulia baba

Amitabh Bachchan, yule mwigizaji wa picha za Kihindi, mimi nilimjua kwa masikio kabla sijamwona kwa macho. Baba alikuwa kuli pale Uyole, Mbeya, kazi yake kupakia lumbesa za viazi kwenye malori yanayoshuka Dar, na Jumapili akipata chochote anapanda gari mpaka Mwanjelwa anaingia banda la video, miaka ya 90 hiyo, na mtoto wa kike ukionekana bandani ujue fimbo inakusubiri nyumbani. Basi akirudi tunakaa jikoni, ile baridi ya Juni na Julai mnaijua wenyewe, tunafukia viazi kwenye majivu halafu baba anaanza kusimulia picha toka mwanzo mpaka mwisho, ngumi anapiga hewani, nyimbo anaimba kwa Kihindi chake mwenyewe, na kila ikifika pabaya mimi nimeshika mdomo ananiambia tulia mwanangu, steringi hafi.

Baba alifariki 2019. Mwaka jana nikajisemea hizi picha nitazitafuta zote nimuangalizie na mama. Shida ikawa moja, baba hakuwahi kutaja jina la picha hata moja, yeye alikuwa anasema tu "ile ya sarafu", "ile ya kuli namba 786", "ile ya damu ya ndugu watatu", "ile ya jambazi na mtu anayefanana naye". Mimi na mama tukachukua daftari tukaandika kila tunachokumbuka, nikaanza kutafuta kwenye simu, naandika maelezo kwa Kiswahili haiji kitu, naandika kwa Kiingereza changu zinakuja picha za juzi juzi tu ambazo Amitabh ni mzee ana ndevu nyeupe.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Nilimpa shikamoo nikamwambia mzee wangu samahani sijaja kununua, nikamsomea daftari. Yule mzee aliweka mkasi chini. Ya sarafu akasema hiyo Sholay, 1975. Ya damu, ndugu watatu waliopotezana utotoni wamelala kitandani damu inatoka kwao wote kwa pamoja inamwendea mama yao bila kujua ni mama yao, hiyo Amar Akbar Anthony, 1977. Ya jambazi ni Don, 1978. Nilipofika kwa kuli namba 786 akaniuliza, kuli wa bandarini au kuli wa stesheni ya treni? Nikasema bandarini. Akauliza, na mwisho anapona? Nikasema ndiyo, anapigwa risasi lakini anapona. Akatikisa kichwa, akasema binti yangu hizo ni picha mbili. Ya bandarini inaitwa Deewaar ya 1975, ya stesheni ni Coolie ya 1983, zote Amitabh ana beji namba 786, lakini anayepona ni mmoja. Hakuniambia yupi.

Nilitoka pale nina majina na miaka, akanishauri nianze na Zanjeer ya 1973 kwa sababu ndiyo iliyomtoa, kabla ya hapo picha zake nyingi zilikuwa hazifanyi vizuri. Zingine nilizikuta YouTube, zingine nililipia, nikawa nanunua bando la usiku nazishusha kwenye simu usiku wa manane halafu kesho yake naunganisha kwenye TV. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo nikawa nasoma mimi namwambia, mwanzoni nilikuwa nasimamisha kila sentensi mama akachoka, ikabidi nijifunze kuacha yale yanayoonekana kwa macho na kumwambia yale ya muhimu tu. Na picha za zamani ni ndefu, Sholay inapita saa 3, tukawa tunagawa siku mbili, tunasimama pale pale wanapoandika mapumziko. Ukijaribu kumaliza usiku mmoja utasinzia na utakosa vitu.

Sholay ndiyo ilinivunja. Kwa baba, Amitabh na rafiki yake wanabishana kila jambo wanarusha sarafu, Amitabh anashinda kila mara, wanawamaliza majambazi, anamuoa yule mjane. Hivyo ndivyo nilivyolala nayo miaka yote. Sasa nipo na mama tunaangalia, Jai, ndiyo jina lake mle, kajeruhiwa, anarusha sarafu ili rafiki yake akubali kuondoka na msichana yeye abaki peke yake kuzuia majambazi darajani. Na akafa. Rafiki yake anaokota ile sarafu anaigeuza, anaigeuza tena, pande zote mbili ni kichwa. Kumbe muda wote alikuwa anajua inaangukia wapi. Na yule mjane ambaye kila jioni alikuwa anazima taa moja moja pale barazani huku Jai anapuliza kinanda cha mdomo kwa mbali, anabaki mjane tena. (Yule dada ni Jaya, mke wa Amitabh kweli, walioana 1973, ndiyo maana wanaangaliana vile.)

Nililia mpaka mama akazima TV. Nikamuuliza, mama, baba alisema anaoa. Mama akasema mara ya kwanza baba yako alikusimulia ilivyo, ulikuwa mdogo sana hukumbuki, ulilia usiku kucha na asubuhi ukagoma uji, akaniambia mama fulani huyu mtoto simuui tena Amita mbele yake.

Wiki iliyofuata tukaangalia Deewaar na nilishaanza kujua. Kuna mahali yuko mtoto anang'arisha viatu, mteja anamrushia hela chini na yeye anakataa kuiokota, anataka apewe mkononi. Mama akanishika goti. Kwa sababu hela ya kurushiwa haiokotwi ni neno la baba, alitulea nalo, na niliwahi kumuona kwa macho yangu pale sokoni tajiri wa viazi kamtupia noti kwenye tope na baba amesimama tu anamwangalia mpaka yule bwana akainama mwenyewe. Mimi nilidhani ni neno la Kisafwa la bibi.

Mwisho wa Deewaar anafia hekaluni mapajani kwa mama yake, ile beji ya 786 iliyokuwa inamkinga imeshamponyoka.

Kwa hiyo ikabaki Coolie. Nilisoma kwanza habari zake, kwamba Julai 1982 wakiwa Bangalore wanapiga ile sini ya ngumi Amitabh aliumia tumboni vibaya sana, India nzima watu wanamuombea, madaktari walishafika pa kukata tamaa. Kwenye picha ikifika ile ngumi wanaigandisha na kuandika kwamba hapa ndipo alipoumia. Nikamsomea mama. Na kumbe kwenye hadithi ya mwanzo huyo kuli alikuwa anakufa, ila alipotoka hospitali mwongozaji Manmohan Desai akabadilisha mwisho, akasema aishi.

Tukaangalia mpaka pale anapigwa risasi, anapasuliwa, anaamka, makuli wenzake wote wamejaa nje wanashangilia. Huo ndio mwisho aliounganisha baba kwenye ile ya bandarini. Mama akajifunika kanga mpaka kidevuni, akasema rudisha nyuma kidogo, pale anapoamka.