Nilivyotaka Kushika Miguu ya Mwalimu

Mwaka 2019 mgongo ulinitoa mlimani. Nilikuwa mgumu, ndivyo tunavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Getini wanapima, mwisho kilo 20. Ila mzigo hupimwa getini tu, mgongo unapima njia nzima.

Jirani akanipeleka Moshi mjini kwa bibi mmoja wa Kihindi, mjane wa duka la vitambaa, aliyefundisha yoga juu ya paa la nyumba yake na hatozi hata shilingi. Wiki sita kazi yangu ilikuwa kulala chali na kupumua. Mkao wenyewe unaitwa shavasana, mkao wa maiti. Nauli ya daladala kutoka Kibosho nije kuwa maiti! Siku moja alipoingia ndani kuepua chai, nikajaribu kusimama kwa kichwa ukutani. Alirudi kimya, akanishika visigino, akanishusha taratibu kama mtu anayetua mtungi wa maji.

“Shingo ikivunjika, utanunua nyingine sokoni Mbuyuni?”

Tarehe 16 Julai ilikuwa Guru Purnima, mwezi mpevu ambao Wahindu humheshimu mwalimu. Alituita mapema, kwa sababu usiku huo mwezi ungepatwa, na kwao ibada humalizwa kabla. Picha ya mwalimu wake aliivika shada la asumini. Akatuambia kwamba guru, kwa Kisanskriti, maana yake pia ni “mzito”. Hapo nilielewa bila tafsiri.

Wenzangu wakapita mmoja mmoja wakigusa miguu yake. Mimi jasho. Mama yangu, mtu wa jumuiya na rozari, alikuwa ameniusia nisisujudie mtu. Zamu ikafika, nikainama nusunusu.

Akavuta miguu ndani ya sari kama aliyeona siafu. “Wewe baba, mgongo! Kunja magoti kwanza!”

Watu wakaangua kicheko. Nikabaki nimepinda pale pale, na neno pekee lililonitoka likawa, “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Kila siku unanishika miguu kwa mdomo, leo unataka nini tena?”

Ni kweli, wazee husema shikamoo ni “nashika miguu yako”. Miaka yote naitamka tu.

Usiku, kwenye saa sita na nusu, mwezi ulikuwa umemegwa zaidi ya nusu. Mama alikuwa uani, kajifunga kanga mbili kwa baridi.

“Hukusujudu?”

“Nimemwamkia tu, mama.”

“Hapo sawa,” akasema, akarudi kulala.